Zamu ya Maji ya La Alfalfa

Mji wetu wa Almodiel una watu elfu tisa, na klabu ilipopanda ligi kuu wote elfu tisa walirukwa na akili siku moja. Sisemi hivyo kwa chuki. Nina miaka sitini na nne, ni msimamizi wa mfereji kama baba yangu alivyokuwa, na kazi yangu ni kujua zamu ya maji ya kila shamba: nani anafungua siku gani, kwa muda gani, na nani anamwibia jirani yake. Mtu akifanya kazi hiyo miaka thelathini habakiwi na watu wengi wa kuwaheshimu.

Uwanja wetu unaitwa La Alfalfa kwa sababu zamani ulikuwa shamba la majani ya kulishia ng'ombe. Mwenyewe, mzee asiye na mtoto, aliiachia klabu shamba hilo alipokufa, na akaliacha pamoja na zamu yake ya maji: Jumapili, kuanzia jua linapochomoza mpaka kengele ya saa tatu asubuhi. Zamu ya maji kwetu haifi. Usipoitumia inapita kwa jirani, lakini inabaki yako, hata ukae miaka mia umeipa kisogo.

Miaka sabini klabu ilinywesha nyasi zake kwa zamu hiyo, na miaka hiyo yote tulikuwa na ujanja mmoja tu wa mpira. Ikija timu kali, tunaachia maji alfajiri kwa muda wa saa moja, basi. Udongo wetu ni mfinyanzi na unakunywa polepole. Kufika jioni jua limekausha juu. Refa anapita, anaitikia kwa kichwa, anaona uwanja safi. Juu ngozi, chini uji. Wageni wanazama mpaka kifundo cha mguu na kuanza kulaumiana, na vijana wetu, waliokulia humo, wanajua pa kukanyaga. Miji mingine inajivunia makanisa yake. Sisi tulikuwa na tope, na tope lilitutoa daraja la nne likatufikisha la pili.

Katika wote waliojua pa kukanyaga, hakuna aliyemfikia Úrbez. Ni mtoto wa kaka yangu, nami nimemlea tangu ana miaka tisa, kaka alipokufa. Mwaka huohuo nilimpeleka klabuni ili apate pa kulilia bila kuonekana. Sasa ana thelathini na mitano, beki wa kulia, nahodha. Asubuhi anabebesha miche ya pichi kwenye mashamba ya watu, yaani kupachika jicho la mti mmoja kwenye mwingine, jioni anakwenda mazoezini. Alipanda na klabu tangu enzi za refa kubadilishia nguo kwenye stoo ya matoroli, na msimu tuliopanda ligi kuu alicheza mechi arobaini na moja. Siku ile mji mzima ulikuwa barabarani ukilia na kumwagiana divai, naye juu ya tela la trekta akainama akaninong'oneza, "Shangazi, dakika moja tu ya ligi kuu inanitosha. Hata nikifa kesho." Nikamwambia afunge mdomo, hakuna mtu anayelipia mpira kwa kufa. Lakini nilisikia, na sikusahau.

Sasa nimtaje Leoncio Garcés, rais wa klabu, mwuza chakula cha mifugo. Siku hizi anaitwa Don Leoncio. Mimi simwiti hivyo, kwa sababu nilimjua akiwa na kamasi mpaka kidevuni. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Waandishi wa habari walikuja kutoka jiji kuu, wakampiga picha amesimama katikati ya magunia ya pumba, wakamwita mwotaji ndoto, na maskini akaamini. Akanunua miwani myeusi na koti jeupe. Akaacha kusema "timu", akaanza kusema "mradi".

Mradi ulianza kwa kuwafukuza waliotupandisha. Kiangazi kile alileta wageni kumi na sita, karibu wote wa mkopo kutoka klabu kubwa, watoto wa miaka ishirini wanaonukia kama duka la dawa. Waliingia baa ya uwanjani wakaagiza maziwa yaliyotengenezwa kwa shayiri. Mwenye baa alidhani wanamtania, akataka kuwapiga. Kufika Krismasi, katika wale wa zamani alibaki Úrbez peke yake, na alibaki kwa kuwa hakuna klabu iliyomwulizia. Kitambaa cha unahodha kikapewa mtoto wa mkopo ambaye hakujua jina la mto wetu.

Septemba zikatoka zile picha za wachezaji ambazo watoto hununua kwenye pakiti na kubandika kwenye daftari. Almodiel ilipewa nafasi kumi na nane. Nilinunua pakiti nyingi kuliko inavyostahili mtu wa umri wangu, na Úrbez hakuwemo. Yule mama wa duka la mkate, ambaye amemwona akikua, akaniuliza kama Úrbez bado anacheza. Tangu siku hiyo nanunua mkate kwingine, na mkate wa huko ni mbaya.

Hata kabla ya hapo walikuwa wameugusa uwanja. Julai Leoncio alileta injinia wa nyasi, kijana mwenye kompyuta na kofia ngumu, kofia ngumu katikati ya shamba tambarare, sijui alitegemea nini kimwangukie. Akachimbua mfinyanzi wetu wote nusu mita, akaupeleka kutupwa. Akaweka kokoto, juu yake mchanga, ndani yake mabomba yenye matundu ya kutolea maji ya mvua, na juu kabisa akatandaza nyasi zilizokuja na malori zimekunjwa kama mikeka. Nilikwenda kutazama. Watu kama kumi walikuwa wamesimama pale wakishangaa mabomba.

"Haya mabomba yako yanatoa maji wapi?" nikamwuliza.

"Kwenye mfereji, mama. Pale chini."

"Na siku mfereji ukijaa?"

Akanieleza, polepole, kama mtu anayemweleza mtoto, kwamba maji hushuka, hayapandi. Leoncio akacheka mpaka akavua miwani. "Mwache Bi Orosia," akasema. "Yeye anadhani bado tunalisha ng'ombe hapa." Na wote kumi wakacheka. Nikaondoka nikiwa nimefurahi sana moyoni, maana hakuna raha inayopita ya kuwa umesema kweli mbele ya wajinga kumi na ukajua kwamba siku itafika.

Tangu Agosti zamu ya uwanja ikawa inapita kwa jirani kila Jumapili. Nyasi mpya zilinyweshwa kwa mitambo, na pichi za jirani zikanenepa.

Msimu wenyewe sitausimulia. Tulifungwa. Tulifungwa mvua na jua, tukafungwa na timu ambazo nazo zilikuwa zinafungwa na kila mtu. Lakini kilichonitapisha si kufungwa. Hapa kwetu kila mtu ana timu mbili: Almodiel, na moja kati ya zile kubwa mbili. Zamani hilo halikuwa na ubaya, maana hatukuwa tunakutana nazo. Mwaka ule zilikuja zote mbili La Alfalfa, na nusu ya majirani zangu, watu niliowaona wakilia juu ya matrekta, wakaja uwanjani na jezi za wageni. Mzee mmoja, kipa wa zamani wa klabu, mwenye mkono uliovunjika mara tatu kwa ajili yetu, alimwinua mjukuu wake juu ili mshambuliaji wao amguse kichwani. Tulifungwa tano, na watu wakatoka wakitafuna mbegu zao za alizeti na kutema maganda, wakisema wameona mpira mzuri.

Úrbez aliona mechi zote kutoka benchi. Kocha, mtu mmoja Lobera aliyeajiriwa kwa sababu alizungumza kwa mikono, alimwambia kila juma kwamba yeye ni mfano kwa vijana. Mfano huo ulikimbia pembeni ya mstari kupasha mwili joto mechi thelathini na saba. Februari, siku moja, walimwita. Dakika ya themanini na nane alivua suti ya mazoezi, akasimama kwenye mstari, msaidizi wa refa akainua kibao chenye namba yake, namba mbili. Walingoja mpira utoke nje ili aingie. Haukutoka. Dakika nne wale watoto wa mkopo waliupiga huku na huku, hakuna hata mmoja aliyekuwa na akili ya kuupiga nje, na refa akamaliza mechi. Úrbez akavaa tena suti yake. Usiku ule hakula, na mimi pia sikula.

Basi tukafika juma la mwisho. Kwa maajabu ya hesabu, kwa kuwa kulikuwa na wengine wabovu kama sisi, sare ingetubakiza ligi kuu. Na wageni wa siku hiyo walikuwa mabingwa kutoka jiji kuu.

Ijumaa mchana nilikuwa jikoni namenya mashina ya mboga, Leoncio akabisha hodi. Ameshika sinia la keki limefungwa karatasi na utepe, kama mtu anayekuja kuposa. Akavua miwani kabla sijamwambia.

"Bi Orosia, klabu bado ina zamu yake ya maji?"

"Zamu haifi. Mliitupa wenyewe."

"Tunaitaka Jumapili hii," akasema. "Kama zamani."

Nikamcheka usoni, nikacheka mpaka kisu kikanitoka mkononi. Nikamwuliza nani atacheza kwenye tope, wale watoto wake wa maziwa ya shayiri? Hawajawahi kuona tope isipokuwa dukani, wanapakwa usoni kwa ajili ya ngozi. Waliolijua tope amewafukuza wote, halafu sasa anakuja kuniomba tope. Huo ndio mji wangu: tumeuza farasi, tunakuja kuulizia tandiko. Akanijibu bila kukasirika kwamba wageni nao watazama, na wakizama wote ni sufuri kwa sufuri, na sufuri kwa sufuri inatosha. Nikamwambia hapana, achukue keki zake.

Hakuinuka. Leoncio ni mjinga wa mambo makubwa, lakini ameuza pumba miaka arobaini na anajua mtu anapowashwa.

"Kwenye tope," akasema, "Lobera atahitaji angalau mtu mmoja anayejua pa kukanyaga."

Niliendelea kumenya. Nilimenya shina moja lote.

"Aanze," nikasema. "Si kuingia mwishoni. Aanze."

"Aanze. Na kitambaa cha unahodha. Neno langu."

"Na asijue kwamba mimi nimehusika."

"Hatajua. Ila na wewe usimwambie lolote mpaka orodha itoke. Lobera asije akanuna akabadili."

Tukapeana mikono juu ya maganda. Alipoondoka nilikula keki mbili, na zilikuwa nzuri. Úrbez aliporudi jioni alinikuta nimechangamka akaniuliza nini, nikamwambia ni keki. Yeye mwenyewe alikuwa anapiga mluzi, kitu ambacho hakuwa amekifanya tangu Februari. Nilidhani ni kwa sababu msimu unaisha. Nilimwonea huruma, nikamwongezea keki.

Jumapili jua lilipochomoza nilikuwa kwenye lango la maji. Niliinua ubao, maji yakaingia La Alfalfa kwa mara ya kwanza tangu mwaka uliopita, mekundu, mazito, kama yalivyo wakati wa masika theluji za juu zinapoyeyuka. Nilikaa ukingoni kuhesabu saa yangu moja. Saa ikapita na nyasi zikawa kavu vilevile. Nikatia kidole, kikatoka kikavu. Mfinyanzi ungekuwa umeshaanza kung'aa. Ule mchanga wa injinia ulikuwa unakunywa na kunywa, na juu hakuna dalili.

Nikaongeza saa ya pili. Bado. Nikaona maji yenyewe ni machache, yanapita chini kwenda zake, basi nikaenda kwenye ubao wa chini wa mfereji, nikaushusha na kuufunga kamba, ili maji yapande yaelekee uwanjani kwa nguvu. Mfereji ukajaa mpaka mdomoni. Mafundi wa televisheni walikuwa wameshafika, wanatandaza nyaya zao. Mmoja akanisalimu, akaupiga picha mfereji, akasema ni mandhari nzuri. Kengele ya saa tatu ilipolia, nyasi zilikuwa zimelowa kidogo tu, kama baada ya umande. Nikafunga lango la uwanja, nikafungua ubao wa chini, nikamwachia jirani. Nilijiambia kwamba angalau nimejaribu na neno limetimizwa upande wangu. Nikaenda nyumbani, nikaoga, nikavaa gauni langu la bluu.

Orodha ilitoka saa kumi na moja, saa moja kabla ya mechi. Namba mbili, Úrbez Castán, nahodha. Walisoma jina lake kwenye vipaza sauti, na watu waliokuwa wamemsahau miezi tisa wakampigia makofi kana kwamba kila siku walikuwa wakimdai Lobera ampange. Mama wa mkate alinigeukia akanipungia mkono. Sikumpungia. Nilikuwa nimeshika mkoba wangu kwa mikono miwili na nililia, na sikujali nani ananiona.

Kisha timu zikatoka kupasha mwili joto. Winga wa mabingwa alikuwa wa kwanza kukanyaga. Mguu ukaingia mpaka goti. Si kwamba aliteleza: nyasi zilipasuka chini yake kama mkate uliolowa, na maji mekundu yakaruka. Wenzake wakacheka. Wawili wakaenda kumvuta, na walipotembea nikaona, na uwanja mzima ukaona, nyasi za upande wa pili zikiinuka na kushuka. Ile mikeka ya injinia ilikuwa inaelea.

Ndipo nilipokumbuka. Swali nilikuwa nimeliuliza mwenyewe, mbele ya watu kumi: na siku mfereji ukijaa? Siku hiyo ilikuwa imefika, na aliyeujaza ni mimi. Nilipofunga ubao wa chini, maji yaliingia kwa juu kupitia lango na yakarudi kwa chini kupitia mabomba, na yakaingia na udongo wake mwekundu, yakayaziba matundu yote. Mchanga ulikuwa umejaa tangu asubuhi kama beseni, na haukuwa na pa kutoa. Nilikuwa na miezi kumi nikisubiri kumcheka injinia yule. Katika asubuhi nzima ile, nimekaa ukingoni, swali langu mwenyewe halikunijia hata mara moja.

Refa alitoka na mpira. Akaudondosha katikati ya uwanja, ukatua pu, ukakaa. Akaudondosha mahali pengine, ukazama nusu. Akatazama saa, akaagiza wangoje. Walileta mifagio, wakaleta pampu ya zimamoto, Leoncio akaingia mwenyewe na koti lake jeupe na ndoo. Viwanja vingine nchini mechi zilikuwa zimeshaanza. Úrbez alisimama muda wote huo kwenye mdomo wa njia ya kutokea, mbele ya wenzake, kitambaa mkononi, mikono nyuma. Hakuketi. Alisimama hivyo dakika hamsini. Halafu refa akaenda akamwambia kitu, kwa sababu nahodha ndiye anayeambiwa, akampa mkono, na wakarudi ndani.

Kamati ya ligi haikuchukua muda. Zile picha za mandhari nzuri zilionyesha lango wazi na maji yakiingia uwanjani siku ya mechi. Klabu ikahesabiwa imefungwa tatu kwa sufuri, ikashuka daraja. Na kwa kuwa mechi haikuanza, hakuna aliyecheza. Kwenye kitabu cha mwaka cha ligi, mbele ya jina lake, safu ya mechi imeandikwa sufuri, na safu ya dakika sufuri.

Leoncio aliwaambia waandishi kwamba ni mama mmoja wa mfereji, mtu mzima, alikosea siku. Wakaja mlangoni kwangu. Nikawafungia mlango. Kuitwa mjinga na mji huu si jambo la kunikosesha usingizi, na kwamba sisi ni mji wa kuchekwa nilikuwa najua kabla ya nchi nzima kujua.

Jumanne asubuhi nilimfuata Úrbez shambani. Alikuwa amepiga magoti kwenye mstari wa miche, anachana gome kwa kisu chake kidogo, anapachika jicho la mche mwingine, anafunga utepe. Nikasimama nyuma yake. Hakugeuka.

"Shangazi, ulifungua wewe."

"Nani kakuambia?"

"Hakuna. Nimepita pale ubao wa chini. Kipande cha kamba bado kipo, na fundo ni lako. Ulinifundisha nikiwa na miaka kumi."

Sikukana. Nikamweleza yote: sinia la keki, nilivyomcheka Leoncio, nilivyomkatalia, na alivyonipa neno lake. Nikamwambia, "Nilifanya ili uanze, baba. Kwa ajili hiyo tu. Ligi yao sikuijali."

Kisu kikasimama. Akageuka, bado amepiga magoti.

"Alikuahidi lini?"

"Ijumaa mchana."

Akanitazama, na nikaona anatafuta namna ya kulisema ambayo haitaniumiza, na kwamba haikuwepo.

"Lobera aliniambia Alhamisi," akasema. "Yule kijana namba mbili aliumia paja Jumatano. Hapakuwa na beki mwingine wa kulia. Don Leoncio alikuwepo tukiambiwa, akanipa mkono. Ningeanza, Shangazi. Hata uwanja ungekuwa mkavu kama meza."

Leoncio aliniuzia mbuzi wangu mwenyewe, na nikamshukuru, na nikala keki zake. Maisha yangu yote nimekaa juu ya ule mfereji nikiwahesabia watu wa Almodiel ujinga wao mmoja mmoja, na nyani haoni kundule. Niliona aibu ambayo sijawahi kuiona hata siku baba aliponikamata nikiiba maji.

"Mbona hukuniambia?" nikamwuliza. "Alhamisi ulirudi nyumbani. Ijumaa tulikaa meza moja."

"Nilitaka ukae pale jukwaani unione natoka, bila kujua. Ningekuambia ungevaa lile gauni la bluu tangu Jumamosi, na mji mzima ungejua."

"Nililivaa," nikasema.

"Nilikuona."

Akarudia miche yake. Nikachukua utepe kwenye kikapu nikawa namkatia vipande, naye anavipokea bila kutazama nyuma. Tulimaliza mstari ule, tukaanza mwingine.